Hesabu Mpaka Elfu Sitini

Jumatatu, 1 Septemba

Muhula umefunguliwa leo, na kompyuta ya chumba cha uchapaji imekufa leo hiihii. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa kishindo, chumba kikanuka moshi. Mkuu wa shule alikuja na chaki bado mkononi, akaniuliza kama inatibika. Nikafungua boksi. Bodi imeungua. Diski imeungua. Diski ya akiba nayo imeungua, kwa kuwa ilikuwa ndani ya boksi hilohilo, na aliyeifunga humo kwa skrubu mwezi wa saba ili isipotee ovyo ni mimi, fundi wa kompyuta mwenye cheti. Hilo sikumwambia Mkuu. Naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Shule yetu ni ya wasioona. Kompyuta iliyokufa ndiyo iliyokuwa ikiongoza mashine ya nukta nundu, ile inayotoboa karatasi vinundu vya kusomwa kwa vidole. Watahiniwa wa mwaka wa mwisho ni kumi na tisa, mtihani wao unaanza tarehe 10 Novemba, na karatasi zao huchapwa hapa. Mmoja wao ni mdogo wangu.

"Nipe wiki mbili," nilimwambia Mkuu. Nilijipiga kifua kabisa.

Jumanne, 2 Septemba

Mashine yenyewe ni nzima. Shida ni kadi inayoiunganisha na kompyuta. Ni ya kizamani, na mifumo ya kompyuta ya siku hizi haiitambui tena. Walioiondoa kwenye mifumo hiyo hawakujua kuna shule bado inaitegemea.

Kwa hiyo nahitaji kerneli ya zamani. Kerneli ni kiini cha mfumo, sehemu inayozungumza na vyuma. Maandishi yake ninayo kwenye CD, lakini maandishi peke yake hayafanyi kazi mpaka yapite kwenye kompaila, programu inayoyageuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila iliyoizoea kerneli hiyo imeungua na diski. Niliyonayo ni mpya. Nimetafuta ya zamani siku nzima, na niliyoipata imekataa kabisa kukaa kwenye kompyuta niliyoazima maktaba.

Basi itakuwa kerneli ya zamani na kompaila mpya, wapatane wasipatane.

Alhamisi, 4 Septemba

Kuna shida ya pili, nayo inavaa miwani myeusi.

Kerneli haijui kuiendesha mashine yetu bila kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuielekeza hatua kwa hatua. Kiendeshi hicho aliandika mwalimu wa hesabu, miaka kumi na minane iliyopita, peke yake, na haoni tangu utotoni. Wanafunzi wanamwita Bi Robo kwa sababu anatoa robo maksi. Ukikosea kidogo hakupi nusu, anakukata robo na kukueleza ni robo ya nini.

Nilimfuata darasani kumuuliza kama ana nakala mahali. Ukimuuliza kitu Bi Robo, ananyamaza. Unadhani hajasikia, unauliza tena. Ananyanyua kidole, maana yake nimesikia. Unasimama pale mpaka unaota mvi.

"Ipo," alisema mwishowe.

Akafungua kabati na kutoa majuzuu matatu ya karatasi nene. Kiendeshi chote, mstari kwa mstari, kwa nukta nundu. Alikichapa kwenye mashine hiyohiyo.

"Mwalimu, umechapa programu kwenye karatasi?"

"Wewe unazisoma zako kwa macho," akasema. "Mimi zangu ningezisomaje?"

Nilibeba majuzuu yale kifuani mpaka chumba cha uchapaji, yana uzito wa mfuko wa viazi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekaa na mdogo wangu akikausha nywele juani. Shule nzima inamwita Kasuku, kwa sababu anaweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, nikiwemo mimi nikigombana na printa. Nilimwuliza itakuwaje mashine isipopona.

"Watatuletea wasomaji," alisema, na safari hii hakuigiza mtu.

Muhula uliopita mashine ilikuwa kwenye matengenezo, na mtihani wa majaribio walisomewa. Kila mtahiniwa alikaa na mtu anayemsomea maswali kwa sauti. Kasuku alipata msomaji mwenye haraka zake. Swali la saba lilikuwa refu, la pembetatu mbili. Akaomba arudiwe. Akaomba tena. Mara ya tatu yule mtu akaguna. Hakusema neno, aliguna tu.

"Nikaona haya, dada. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa kitu." Akazungusha ncha ya nywele kidoleni. "Nikisoma mwenyewe narudi nyuma mara kumi na karatasi hainichoki. Hesabu naijua mimi. Lakini siwezi kuifanya huku naomba samahani."

Alipata arobaini na moja. Anataka kusoma uhandisi na wanataka sabini. Mimi ndiye niliyeunguza diski.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumeanza imla. Bi Robo anasoma kwa kidole, mimi nachapa. Akiwa darasani, Kasuku anamshikia zamu.

Kazi inakwenda pole. Anasoma mstari, ananyamaza, anarudia kidole, anasema nuktamkato. Leo tumefika mahali akasoma, "Hesabu kuanzia sifuri mpaka elfu sitini."

"Na ndani ya hesabu kunafanyika nini?"

"Hamna kitu."

"Hamna kitu? Inahesabu tu bure?"

Akanyamaza. Kisha akavuta pumzi ya mtu anayetaka kueleza jambo refu, nami nikaona saa ukutani, nikamwahi. "Basi endelea tu, Mwalimu. Muda hautungoji."

Akaendelea. Hesabu tupu hizo, anasema, ziko kumi na mbili, zote juzuu la kwanza. Nazichapa tu, kama zilivyo. Mtu mzima anahesabu mpaka elfu sitini bila kufanya kitu!

Jumanne, 16 Septemba

Wiki mbili nilizoahidi zimekwisha jana. Mkuu hajaniuliza. Ameniletea chai tu, na hiyo imeniuma zaidi.

Ijumaa, 19 Septemba

Imla imekwisha. Sasa kompaila.

Kosa la kwanza limenichekesha. Kerneli ilipoandikwa, kompaila ilikuwa toleo la nne. Yangu ni toleo la tisa. Kerneli inatafuta faili lenye namba ya kompaila inayoihudumia, inatafuta la tisa, hailioni, inagoma. Nimechukua faili la nne, nikalibandika jina la tisa. Imekubali bila hata kuangalia kitambulisho.

Nyuma ya kosa hilo yalikuwepo mengine 214.

Jumatatu, 22 Septemba

Makosa 180. Kompaila mpya inaona majina mawili pale ambapo ya zamani iliona moja, na kila mahali inadai nichague.

Alhamisi, 25 Septemba

Makosa 97. Mama amepiga simu kuuliza Kasuku anakula. Anakula, Mama. Anayesahau kula ni mimi.

Jumatatu, 29 Septemba

Makosa 97 bado. Leo sikufanya la maana.

Alhamisi, 2 Oktoba

Makosa 31. Mvua ya kwanza imepiga bati tukashindwa kusikilizana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Makosa 2.

Jumanne, 7 Oktoba

Sifuri! Kerneli imepita yote kwenye kompaila. Maonyo yako elfu moja na mia, lakini maonyo ni kelele tu za kompaila, hayaizuii kazi. Nimeiwasha kompyuta, ikaamka, ikaitambua kadi, ikaitambua mashine. Nilipiga ukelele mpishi akaja na mwiko kuona nimeumwa na nini.

Alhamisi nitaiwasha mashine mbele ya watu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono haukutaka.

Walikuja walimu wote, Mkuu, na watahiniwa kumi na tisa wamejipanga ukutani. Nilitoa hotuba, Mungu anisamehe. Nikabonyeza. Mashine ikaanza kupiga, na ilikuwa ikienda haraka mara tatu ya zamani, karatasi zinatoka mfululizo, watu wakapiga makofi. Kichwa changu kilivimba mpaka nikaona mlango mdogo.

Bi Robo alikuwa amesimama karibu na mlango, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Makofi yalipotulia akasema, "Haipumui."

"Samahani?"

Kimya chake kile. "Mashine. Haipumui."

Ningeweza kumuuliza ana maana gani. Nilichosema, mbele ya wote, ni hiki: "Mwalimu, kitu kikienda haraka si lazima kiwe kibaya. Tatizo hapa tumezoea kwenda pole."

Mkuu akaangalia viatu vyake.

"Labda," alisema Bi Robo, akatoka taratibu, fimbo yake ikigusa kizingiti.

Kasuku alikuwa ameshachukua karatasi ya kwanza. Kidole chake kilienda kidogo, kikasimama, kikarudi.

"Dada, hii ni nini?"

"Ni shairi la kitabu cha darasa la tano."

"Si shairi. Hizi ni chunusi."

Watoto wakacheka, kisha na wao wakagusa, wakaacha kucheka. Nukta zilikuwa zimevutwa, nyingine mbilimbili mahali pa moja, nyingine zimechanika. Kabla sijaifikia swichi, karatasi ya tano ikakwama na ndani kukalia mlio nisioutaka tena masikioni. Sindano mbili za kutobolea karatasi zimepinda.

Mkuu aliniuliza kimetokea nini. Nikasema pengine kuna mstari msomaji alikosea kuusoma wakati wa imla.

"Msomaji yupi?" Kasuku aliuliza. "Nusu ya juzuu la pili nilisoma mimi."

Ijumaa, 10 Oktoba

Bi Robo alituma mwanafunzi na kopo la vifungo. Ndani, katikati ya vifungo vya mashati, mlikuwa na sindano za akiba saba, amezifunga kwenye kitambaa. Hakutuma neno lolote. Nimebadilisha mbili, zimebaki tano.

Jumatatu, 13 Oktoba

Barua imekuja kutoka ofisi ya mitihani. Afisa atafika Ijumaa tarehe 31 kukagua karatasi ya mfano. Isiposomeka, watatuandalia wasomaji kumi na tisa. Mkuu ameibandika kwenye ubao wa matangazo bila maelezo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeangalia kadi. Kadi ni nzima.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeangalia kebo. Kebo ni nzima. Mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimerudia kusoma kerneli sehemu zote nilizozigusa. Nzima. Mvua, na umeme wa saa tatu tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimelinganisha kiendeshi nilichochapa na majuzuu, Kasuku akisoma kwa kidole. Siku nzima. Hakuna hata nuktamkato iliyokosewa. Kwa hiyo msomaji hakukosea, na mimi nilimsingizia mtu mbele ya walimu kumi na moja.

Kasuku alifunga juzuu na kubaki amekaa. Alikuwa haongei nami ila ya kazi tangu siku ile.

"Unajua unaguna?" alisema.

"Nani?"

"Wewe. Mwalimu akinyamaza, unaguna. Imla nzima ulikuwa unaguna." Kisha akaniigiza, mguno mfupi wa puani, na ulikuwa wangu kabisa, hata mimi niliutambua. "Yule msomaji wangu aliguna mara moja tu."

Nimelia leo. Naandika hivyo tu, sina la kuongeza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilimkuta Bi Robo darasani baada ya kipindi, anasahihisha madaftari, kidole kinakwenda, kinasimama, kinarudi. Nilimwamkia. Nikavuta kiti cha mwanafunzi, magoti yakanigusa kidevuni.

Nilimwambia yote. Nilianza na ya siku ile mbele ya watu, nikaomba radhi. Kisha nikafika kwenye diski ya akiba, kwamba niliifunga mimi ndani ya boksi lilelile, na kwamba nimeficha tangu muhula uanze.

Akanyamaza. Nilishika mdomo wangu kwa mkono ili usifanye lolote. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi. Nilingoja mpaka benchi likafika lilikokuwa linakwenda.

"Nilijua," alisema. "Nilikusikia mwezi wa saba ukikaza skrubu nne. Diski hufungwa kwa nne, na ya kwanza ilikuwa humo siku zote."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Nilijua utasema mwenyewe. Umechelewa kidogo." Akatabasamu, mara ya kwanza namwona meno. "Na mimi nina la kwangu. Ningeweza kukuambia mambo ya programu ile hata bila kuulizwa. Niliona kijana amekuja na cheti, nikasema tumwone. Hicho kilikuwa kiburi, na watoto ndio wanaokilipia."

Nikamwomba anionyeshe mashine ilivyokuwa ikisikika zamani. Akageuza kiganja, akagonga meza. Gonga. Kimya. Akaburuta ukucha juu ya mbao. Kimya. Gonga. Kimya. Ukucha. Kimya.

"Kugonga ni sindano," alisema. "Ukucha ni roli inavuta karatasi. Sindano ikipanda, lazima ishuke kwanza, ndipo roli ivute. Usipoisubiri, roli inavuta karatasi sindano ikiwa bado imo."

"Na ule ukimya katikati, kwenye programu uko wapi?"

Hakujibu, na safari hii hakuhitaji. Nilikuwa nimeshausikia mwenyewe. Hesabu mpaka elfu sitini. Ndani yake hamna kitu.

"Siku ile nilitaka kukueleza," alisema Bi Robo. "Ukaniambia muda hautungoji."

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeipata.

Niliiambia kompaila inionyeshe lugha ya mashine iliyoitoa, nikatafuta mahali pa hesabu ya kwanza. Pako patupu. Sindano juu, sindano chini, roli vuta, moja kwa moja. Nikatafuta ya pili. Patupu. Zote kumi na mbili hazimo.

Kompaila ya zamani ilikuwa mtiifu. Ukiiambia ihesabu bure, inahesabu bure. Hii mpya ina akili nyingi. Imeona mtu anahesabu mpaka elfu sitini bila faida yoyote, ikasema huyu anapoteza muda, ikamfutia. Wala haikuandika kosa, kwa sababu kwa macho yake imenisaidia. Ndiyo maana mashine ilikwenda haraka mara tatu, nami nikapigiwa makofi.

Nilitaka kuitukana nikashindwa. Mwezi mzima mimi nilikuwa namfanyia Bi Robo vilevile. Kila alipotulia kufikiri niliona pengo la kuzibwa, nikaliziba kwa sauti yangu.

Dawa yake ni fupi. Kuna neno moja la kuiambia kompaila: hiki usikiguse hata kama huoni kazi yake. Nimeliandika mara kumi na mbili, kwa heshima.

Jumatatu, 27 Oktoba

Neno limekubali. Hesabu zote zimerudi ndani ya lugha ya mashine, nimeziona kwa macho yangu. Nikawasha. Mashine ikavuta pumzi, lakini pumzi fupi, ya mtu aliyepanda ngazi. Nukta bado zina mkia.

Nilikaa chini kabisa, sakafuni. Kisha ikanijia. Kompyuta ile ya zamani ilikuwa nzito ya miguu. Hii ya maktaba inamaliza elfu sitini kabla sindano haijaanza hata kushuka. Inabidi nitafute hesabu mpya, na hakuna kitabu kinachoitaja.

"Wewe uliipataje elfu sitini?" nilimwuliza Bi Robo.

Nilingoja.

"Kwa mkono," alisema.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Bati lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sikuisikia mashine, na nikafikiri basi, leo hatufanyi kitu, kesho umeme utakatika, keshokutwa afisa huyu hapa.

Bi Robo alivua saa, akaweka kiganja chote juu ya kifuniko cha mashine. Kasuku alikaa upande wa pili kupokea karatasi. Mimi kwenye kompyuta. Kila nikibadilisha namba lazima kiendeshi kipite tena kwenye kompaila, dakika nne. Tuliongea kwa kupiga kelele.

"Laki moja!"

Kiganja kikatulia. "Ongeza."

"Laki tatu!"

"Ongeza."

"Laki tano!"

Alinyanyua kidole, nami nikaacha mikono yangu mapajani. Mashine ilitoa ukurasa mzima naye bado kidole kiko juu. Sikuguna. Nilijisikiliza kabisa, sikuguna. Kasuku alikuwa ananisikiliza pia, nilimwona.

"Karibu," alisema Bi Robo. "Sindano za kushoto zinashuka vizuri. Za kulia zimezeeka, zinataka muda zaidi. Kama mimi asubuhi."

Tuliendelea hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa kwenye sahani. Sindano moja ilipinda kwenye laki sita, nikabadilisha, zikabaki nne. Kwenye laki saba Bi Robo hakusema ongeza. Kwenye laki saba na elfu ishirini alifumba macho yake ambayo hayaoni, na uso wake ukalegea.

"Hapo," alisema. "Hapo inapumua."

Kasuku alikuwa ameshachukua karatasi. Kidole kikatembea mstari mzima, kikashuka wa pili, wa tatu, hakikusimama. Kisha akasoma shairi la darasa la tano kwa sauti ya Mkuu wa shule, na kikohozi chake, na mlangoni akatokea Mkuu mwenyewe akiwa amelowa, akauliza, "Nani ananiita?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ni lile cheko linalokuja baada ya hofu nyingi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Afisa alikuja na karatasi yake ya mfano ndani ya bahasha iliyofungwa. Tukaichapa mbele yake. Akamchagua mtahiniwa mwenyewe, kwa kunyoosha kidole tu, na kidole kikamwangukia Kasuku.

Alisoma vizuri mpaka swali la nne, akanyamaza. Afisa akaangalia nakala yake, akaangalia saa, akafungua mdomo kutaka kumsaidia. Nilinyanyua kidole changu. Sijui nilipata wapi ujasiri huo mbele ya mtu wa serikali. Akafunga mdomo.

"Kuna digrii moja ya ziada hapa," alisema Kasuku. "Kwenye karatasi yenu wenyewe. Wameandika pembe za pembetatu zina jumla ya digrii mia na themanini na moja."

Afisa akatazama nakala yake. Kweli, mia na themanini na moja. Akacheka, akasahihisha kwa kalamu, akatia saini. Wasomaji hawatakuja.

Ijumaa, 7 Novemba

Karatasi zote za watahiniwa zimechapwa mbele ya afisa, zimefungwa, zimepigwa lakiri. Mashine haikukwama hata mara moja.

Nilikuwa na akiba ya karatasi, nikachapa kitu cha mwisho. Ni sehemu zote za kiendeshi nilizozirekebisha, ziwe juzuu la nne. Nakala ya kiendeshi kizima iko kwenye diski, na diski iko kabatini kwa Mkuu, jengo tofauti. Kabla ya kila hesabu tupu nimeongeza mstari wa maelezo ambao hauisumbui kompaila, ni wa kusomwa na mtu tu: *Hapa tunaisubiri sindano. Usifute.*

Nilimpelekea Bi Robo. Alisoma yote huku nimesimama. Ilichukua vipindi viwili. Alipofika kwenye mistari yangu kidole kilirudi mara kadhaa.

"Tisa na robo tatu," alisema.

"Kumi yangu imeliwa wapi, Mwalimu?"

"Hiyo robo ni ya tarehe tisa Oktoba."

Nikaichukua. Ni haki yangu kabisa.

Jumatatu, 10 Novemba

Hesabu ilikuwa ya kwanza, saa tatu kamili. Walimu hawaruhusiwi kukaribia, na mimi pia, kwa hiyo nilikaa kwenye ngazi za chumba cha uchapaji, ng'ambo ya uwanja, nikiangalia madirisha ya ukumbi. Mvua ilikuwa imeacha. Ukumbi wa watu kumi na tisa wanaosoma kwa vidole hautoi sauti yoyote. Mtihani wa majaribio, mwezi wa sita, nilisikia kutoka hapohapo wasomaji kumi na tisa wakisoma kwa pamoja kama soko. Leo kimya, kwa saa mbili na nusu.

Bi Robo alikuja akakaa karibu yangu. Hatukusema kitu, na sikuona kama kuna kilichokosekana.

Wakatoka. Kasuku alinisikia nikikimbia, akasimama katikati ya uwanja kunisubiri, akisugua ncha ya kidole cha shahada. Ilikuwa nyekundu.

"Vipi?"

"Swali la saba lilikuwa refu," alisema. "Pembetatu mbili tena. Nimelisoma mara kumi na moja, dada."

"Ukalipata?"

Alinyamaza, nami nikangoja.

"Mara kumi na moja," alisema, "na hakuna mtu aliyeguna."

Kisha akaniuliza kama kuna chakula kilichobaki, kwa sababu asubuhi hakuweza kula.